Utani, matusi na ukabila kiwanjani: mashabiki wanabishana juu ya nini?

Siku ya yenga, kisha mechi, mabishano ya mupira yanaendelea pembeni ya kiwanja mupaka giza. Zamani watu walibishana juu ya penalti, ofsaidi na mwamuzi mwenye kuonea. Siku hizi kuna mabishano mengine. Mushabiki amepaza sauti, ametupa neno kwa muchezaji wa ekipe ingine. Mumoja anacheka. Mwingine anakasirika. Wa tatu anasema: "Wacheni, ni mupira tu." Kisha inabaki ulizo: lile neno lilikuwa utani, ao lilikuwa tusi?

Makala hii inaeleza mabishano hayo yanatoka wapi, Wakongomani waliishi nini katika mupira wa dunia, sheria inasema nini, na ni kitu gani kinaweza kufanyika kwenye kiwanja kama vile vya Salamabila, mahali hakuna kamera wala polisi wa uwanja.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu

Salamabila iko katika sekta ya Babuyu, teritware ya Kabambare, kusini mwa Maniema. Muji ulikua juu ya dhahabu ya Namoya, na dhahabu inaita watu. Karibu na Wabuyu na Wabangubangu kunaishi watu waliotoka Kasongo, Kivu ya Kusini, Tanganyika, Kasai na kwingine. Wengine walikuja kuchimba, wengine kuuza, wengine walikimbia vita kwao. Ekipe moja ya mutaa inaweza kuwa na wachezaji wa makabila matano ao sita, na wote wanavaa jezi moja.

Hilo ndilo jambo zuri la mupira. Lakini mutu yeyote mwenye amesimama pembeni ya kiwanja anajua maneno yenye yanatoka wakati ekipe yake inashindwa: "Rudi kwenu." "Mugeni." "Mudeplase." "Ninyi watu wa kabila fulani ndiyo vile." Kuna lingine tena, na katika eneo lenye limeona bunduki nyingi, hilo ni hatari kupita yote: kumuita kijana "muasi," "Mai-Mai" ao "mupelelezi." Mwenye kulitamka anafikiri anachokoza. Lakini kati ya wenye kusikia kunaweza kuwa askari, ao mutu mwenye anatafuta sababu. Mechi inaisha kisha dakika 90. Jina kama hilo linaweza kumufuata kijana mupaka kwenye barabara ya kwenda shambani.

Ndiyo maana mabishano ya mashabiki si maneno ya bure. Watu wanatafuta mupaka, na wana haki ya kuutafuta.

Pande tatu za mabishano

Ukisikiliza vizuri, utasikia mawazo ya namna tatu.

Wa kwanza wanasema kiwanja ni mahali pa moto. Watu wamefanya kazi posho nzima, wana magumu, wanakuja kutoa roho. Ukiwakataza kupiga kelele, utafanya kiwanja kiwe kama kanisa ao musikiti. Kwa watu hawa, mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa, juu hajui mupira.

Wa pili wanasema tusi ni tusi popote. Neno lenye huwezi kumuambia jirani yako sokoni, huwezi kumuambia kiwanjani eti juu amevaa jezi ya rangi ingine.

Wa tatu wako katikati, na labda ndio wengi. Wanakubali kuchokozana, wanakataa kudharau. Ila hawajui kueleza tofauti. Ukiwauliza, wanasema: "Unaisikia tu."

Wa kwanza wana haki juu ya jambo moja: mupira bila kuchokozana haupendezi. Wa pili nao wana haki: jezi haiondoi heshima ya mutu. Na wenye kusema "unaisikia tu" wanahitaji kipimo. Kipimo hicho tunacho katika desturi zetu wenyewe, na jina lake ni utani.

Utani una kanuni zake

Babu na mujukuu wanataniana. Mutu na shemeji yake wanataniana. Hata kati ya makabila fulani kuna utani wa tangu zamani, wanaambiana maneno makali na hakuna mwenye kukunja uso. Lakini utani si kusema kila kitu kwa kila mutu. Una kanuni, hata kama hakuna mahali zimeandikwa.

Kanuni ya kwanza: mutani wako anakujua, na wewe unamujua. Utani hautupwi kwa mutu mwenye hamjafahamiana.

Ya pili: anaweza kukujibu palepale, na wewe utacheka. Ikiwa mumoja anasema na mwingine analazimishwa kunyamaza, utani umekwisha.

Ya tatu: mutani hagusi kidonda. Siku ya kilio anaweza kuchekesha wafiwa, lakini hatacheka vita yenye ilifukuza watu, wala mutoto mwenye aliuawa.

Ya ine: ukiambiwa "hapo umenichoma," unaacha.

Sasa pima maneno ya kiwanjani kwa kanuni hizo. Mushambuliaji amekosa goli, mutu anapaza sauti: "Muguu wako ni wa mubao!" Kipa ameachilia mupira mwepesi: "Umepakaa mawese kwenye mikono?" Neno linahusu kile alichofanya. Akifunga goli kisha dakika tano, amekujibu, na wote mutacheka. Lakini ukisema, "Kabila lenu hamujui kitu," hawezi kukujibu kwa muguu. Hata akifunga magoli matatu, anabaki wa kabila lake. Umeacha muchezo, umeshika uzazi wake. Na umewagusa pamoja naye wazazi wake na wenzake wa kabila hilo wenye wamesimama karibu na wewe, pengine wenye wako katika ekipe yako mwenyewe.

Ubaguzi wa rangi kwenye viwanja vya Ulaya unafanya kazi ileile, na huko Wakongomani wameuona kwa macho yao.

Wakati tuliotukanwa ni sisi

Mwaka wa 1974 Zaire ilikuwa ekipe ya kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Ilikwenda Ujerumani ya Magharibi ikiwa bingwa wa Afrika. Miezi michache mbele, huko Misri, Ndaye Mulamba alikuwa amefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika moja, rekodi kubwa. Lakini dunia haikukumbuka hayo. Ilikumbuka kushindwa 9 kwa 0 mbele ya Yugoslavia, na ikakumbuka Mwepu Ilunga, mwenye alitoka mbio ndani ya ukuta na kuupiga mupira mbali wakati Wabrazili walikuwa wanajitayarisha kupiga frikiki, tarehe 22 Juni.

Kwa miaka mingi televisheni za Ulaya zilirudilia picha hiyo kusudi watu wacheke: tazama Waafrika, hawajui hata kanuni. Mwepu alieleza baadaye kwamba kanuni aliijua vizuri. Alisema alifanya vile makusudi, katika hasira na woga, juu wachezaji walikuwa chini ya vitisho vya utawala wa Mobutu kisha kushindwa vibaya. Tena katika mechi ya Yugoslavia, mwamuzi alimutoa Ndaye kwa kosa la teke lenye yeye hakulipiga. Mwenye kulipiga alikuwa Mwepu. Kosa la mutu mumoja likaangukia mwingine, na baadaye kitendo cha mutu mumoja kikafanywa kuwa ujinga wa bara zima.

Ukimuuliza mutu leo, atasema kuchekwa kule kulikuwa dharau. Wakati ule, hata huko Ulaya, watu wengi waliona ni kichekesho tu.

Lukaku: sifa, kelele na kidole kwenye midomo

Mufano wa Romelu Lukaku unaonyesha namna mawazo yanageuka pole pole. Lukaku alizaliwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka wa 1993. Wazazi wake ni Wakongomani, na baba yake, Roger Lukaku, aliichezea Zaire.

Septemba 2017, mashabiki wa Manchester United walimutungia wimbo wenye kusifu ukubwa wa sehemu zake za siri. Waliona ni sifa. Shirika la Kick It Out, lenye kupigana na ubaguzi katika mupira wa Uingereza, lilisema wimbo huo unachukua wazo la zamani juu ya mwili wa mutu mweusi na kulifanya muchezo. Lukaku mwenyewe akaomba mashabiki wauache. Hapa tunajifunza kwamba hata sifa inaweza kudharau, kama inamusifu mutu kama vile munyama wa sokoni.

Tarehe 1 Septemba 2019, akiwa Inter Milan, alisimama kupiga penalti kwenye uwanja wa Cagliari. Watu wakaanza kutoa sauti za nyani. Alifunga. Kisha ikatokea jambo lenye liliwashangaza wengi: kikundi cha mashabiki wa Inter, ekipe yake mwenyewe, kikamuandikia barua ya wazi. Walimueleza kwamba huko Italia kelele zile si ubaguzi, ni njia ya kumutia mupinzani woga tu. Maana yake: ni mupira tu. Na viongozi wa nidhamu wa ligi hawakuiazibu Cagliari.

Tarehe 4 Aprili 2023, jambo karibu lilelile lilirudi Turin, katika mechi ya Kombe la Italia na Juventus. Lukaku alitukanwa, akafunga penalti ya mwisho, akaweka kidole kwenye midomo yake akiangalia mashabiki wenye walimutukana. Mwamuzi akamupa kadi ya pili ya manjano, akatoka. Mwenye kutukanwa ndiye mwenye aliazibiwa. Lakini mara hii watu wengi walisema hapana, na rais wa shirikisho la Italia, Gabriele Gravina, akafuta kufungiwa kwake. Miaka mine ilikuwa imepita. Kelele zilikuwa zilezile. Kilichogeuka ni masikio ya wenye kusikia.

Mbemba na Mboladinga

Januari 2024, katika Kombe la Afrika huko Côte d'Ivoire, Kongo na Moroko zilitoka sare 1 kwa 1 muji wa San Pedro. Kisha mechi kukawa na maneno kati ya kapiteni wetu Chancel Mbemba na kocha wa Moroko, Walid Regragui. Siku zilizofuata, Mbemba alipokea kwenye mitandao matusi ya rangi, pamoja na picha za nyani. Kwa Wakongomani wengi ilichoma zaidi juu haikutoka Ulaya. Ilitoka kwa watu wa bara moja na sisi.

Hapa kuna mutego. Wakati mutu anatutukana, ni rahisi kujibu: "Waarabu wote ni vile." Katika jimbo lenye Kasongo, mahali Waislamu wengi wanaishi na familia zingine zinakumbuka mababu kutoka pwani, jibu kama hilo halimufikii mwenye kuandika tusi huko mbali. Linamufikia jirani.

Katika kombe lilelile, tarehe 7 Februari, mbele ya nusu-fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mukono mumoja na kuweka vidole viwili kwenye kichwa mufano wa bunduki, wakati wimbo wa taifa unaimbwa. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya mashariki. Watu wa huku hawakuhitaji kuelezwa. Wachezaji wa kutoka kila kona ya inchi walibeba kilio cha mashariki, na hakuna mwenye aliuliza nani ni wa kabila gani.

Kisha ikaja hadisi ya Michel Kuka Mboladinga. Katika Kombe la Afrika la Moroko, Desemba 2025 na Januari 2026, mushabiki huyu alisimama bila kutikisika mechi nzima, mukono wa kuume juu, mufano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Dunia yote ikamujua. Tarehe 6 Januari 2026, kisha Algeria kututoa 1 kwa 0 katika muda wa kuongeza, muchezaji wa Algeria Mohamed Amoura alimuiga: akasimama vile, mukono juu, kisha akajiangusha chini.

Kwa Mukongomani, kumuangusha Lumumba si kichekesho. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 huko Katanga, mwili wake ukayeyushwa kwa asidi, na jino lake moja ndilo Ubelgiji ilirudisha mwaka wa 2022. Watu walikasirika sana. Amoura akaomba radhi, akieleza kwamba hakujua ishara ile ina maana gani, kwamba alitaka kufanya muzaha tu.

Mashabiki walibishana: hakujua, basi ana kosa? Utani unatoa jibu. Kutojua kunaweza kupunguza kosa, hakulifuti. Na mwenye kuambiwa "umenichoma" anaacha na kuomba radhi. Alifanya hivyo. Sasa tujiulize upande wetu: wakati sisi tunamuiga mutu, tunaiga namna anavyosema Kiswahili, ao tunacheka alama za mwili wake, je, tunajua tunagusa kidonda gani?

Wakati neno linatoka kiwanjani

Katika Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wenye asili ya Kasai waliitwa "bilulu," ni kusema wadudu. Wengi wao walizaliwa palepale, baba zao na babu zao walikuja kufanya kazi ya migodi na reli. Kati ya 1992 na 1994 mamia ya maelfu walifukuzwa, na wengi walikufa njiani na kwenye stesheni za gari-moshi.

Huko Rwanda, redio ya RTLM ilianza mwaka wa 1993. Watu waliipenda kwa muziki na mizaha yake. Ndani ya mizaha hiyo, jirani aliitwa mende. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu wakubwa wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti moja. Kwa sisi wenye kufanya kazi ya redio, hukumu hiyo ni somo: kipaza sauti hakina muzaha wa bure.

Na sisi wa kusini mwa Maniema tuna neno letu. Kasongo ilikuwa muji mukubwa wa Tippu Tip na wafanyabiashara wa watumwa mupaka askari wa Leopold walipouteka Aprili 1893. Hata jina Kingwana, lenye watu walikiita Kiswahili cha huku, linatoka kwa "mungwana," mutu huru, mwenye si mutumwa. Kwa hiyo kumuambia mutu "mutumwa" hapa haiko sawa na kumuambia "muvivu." Kuna familia zenye zinajua babu gani alifungwa mnyororo, na nani alimufunga. Neno hilo likitupwa kiwanjani linafukua kaburi.

Kwa hiyo ubaguzi wa rangi na ukabila vinatumia njia moja. Kwanza mutu anaacha kuitwa jina lake. Kisha anaitwa kundi. Kisha kundi linaitwa munyama ao mududu. Kila hatua inafanya inayofuata iwe rahisi.

Nani aligeuza mawazo

Sheria zilifuata watu. Tarehe 27 Novemba 2005, Marco Zoro wa Côte d'Ivoire, muchezaji wa Messina huko Italia, alichoka na kelele za mashabiki wa Inter, akaukamata mupira kwa mikono na kutaka kutoka. Wapinzani wake Adriano na Obafemi Martins wakamubembeleza, akarudi. Februari 2006 huko Zaragoza, Hispania, Samuel Eto'o naye alitaka kutoka. Wenzake na kocha wakamuzuia. Tarehe 3 Januari 2013, Kevin-Prince Boateng wa AC Milan aliupiga mupira kwa mashabiki wenye kumutukana na akatoka. Mara hii ekipe nzima ilimufuata, na mechi ikaisha pale.

Tazama mwendo wenyewe. Wa kwanza alikuwa peke yake na akarudi. Wa mwisho aliondoka na wenzake wote. Mutu mwenye kutukanwa alikuwa amesema "hapana" tangu zamani. Kitu kipya ni kwamba wenye hawakutukanwa walitoka pamoja naye.

Huko Hispania, mashabiki watatu wenye walimutukana Vinícius Júnior kwenye uwanja wa Valencia, Mei 2023, walihukumiwa Juni 2024 kifungo cha miezi 8 na kukatazwa viwanja kwa miaka miwili. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo katika inchi ile.

Kanuni na sheria zinasema nini

Tangu 2019, kanuni za nidhamu za FIFA zinasema muchezaji ao kiongozi mwenye kumutukana mutu kwa rangi, kabila, dini, inchi ao uzazi wake anafungiwa mechi zisizopungua 10. Kwa matusi ya mashabiki, mwamuzi ana hatua tatu: anasimamisha mechi na watu wanatangaziwa waache, wakirudilia, anapeleka wachezaji pembeni kwa muda, wakirudilia tena, mechi inaisha. Mei 2024, katika mukutano wa Bangkok, mashirikisho yote 211 yalikubali ishara moja ya dunia nzima: muchezaji anapishanisha mikono kwenye vifundo kusudi mwamuzi ajue kuna tusi la ubaguzi.

Katika inchi yetu, sheria ni ya zamani kuliko watu wengi wanavyofikiri. Amri-sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966 inaazibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na hailindi mechi ya mupira tofauti na soko. Tena kipengele cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumubagua Mukongomani juu ya dini, uzazi, makao, rangi, kabila ao luga. Sheria hiyo inamulinda mwenyeji na mwenye alifika juzi vilevile.

Kwenye kiwanja chetu, nini kinaweza kufanyika

Hatua tatu za FIFA hazihitaji uwanja wa saruji. Zinahitaji mwamuzi, makapiteni wawili na megafoni, ao mutu mwenye sauti kubwa.

Mbele ya mechi, mwamuzi na makapiteni wanaweza kukubaliana wazi: kuchokozana juu ya muchezo ni ruhusa, kabila, dini, kilema, mama wa mutu, na majina kama "mudeplase," "mutumwa," "muasi" ni marufuku. Watu wakiambiwa mbele, hakuna mwenye kusema hakujua.

Muchezaji akitukanwa, asirudishe ngumi. Aende kwa kapiteni, kapiteni aende kwa mwamuzi. Mwamuzi asimamishe mechi. Na hapa kapiteni wa ekipe yenye mashabiki wake walitukana ana kazi kubwa kuliko wote. Yeye ndiye aende mbele ya watu wake na kusema: "Tukishinda kwa namna hii, si ushindi wetu." Neno kutoka kwa mupinzani linaongeza moto, neno kutoka kwa wa kwako linauzima.

Wazee wa komite wanaweza kumuweka mwenye kutukana nje ya kiwanja kwa mechi kazaa, na kumutaka aombe radhi mbele ya watu walewale wenye walisikia. Radhi ya pembeni haitoshi kwa tusi la mbele ya watu.

Vikundi vya Whatsapp ni kiwanja kingine. Odio yenye tusi la kabila inasikilizwa na watu wenye hawakuona mechi, hawajui nani alianza, na hawatasikia radhi. Ukiipokea, isiishie kupitia mukononi mwako kwenda kwa wengine. Na watangazaji wa mupira, sisi pia: tumutaje muchezaji kwa jina, kwa namba na kwa kazi yake uwanjani, hata siku moja kwa kabila lake.

Mabishano hayataisha, na hakuna ubaya. Mwenye kusema "ni mupira tu" na mwenye kusema "umenichoma" wakikaa pamoja na kubishana kwa maneno, tayari wamefanya kazi kubwa. Lakini kila mutu mwenye alikasirika siku Lukaku alipigiwa sauti za nyani, siku Mbemba alitumiwa picha zile, siku Lumumba aliangushwa kwa kicheko, anajua tayari tusi linachoma namna gani. Siku ya yenga ijayo, kipa wa ekipe ingine ni mutoto wa mutu, na baada ya mechi atapita barabara ileile na sisi.